Usahihi Una Mahali Pake: Kuunda Gitaa la Umeme kwa Mkono Nyumbani

Mwenyekiti, wenzangu mafundi wa mbao, na ninyi wapiga gitaa mliokuja hapa ingawa hamjawahi kushika randa: asanteni kwa kufika.

Mtu akiamua kuunda gitaa, jambo la kwanza analofanya ni kuchora umbo la mwili. Pembe mbili, pembe moja, nyota, chochote. Chora upendavyo. Sikio halijui kama pembe ya kushoto imeizidi ya kulia kwa milimita tatu. Linachojua ni kama freti ya kumi na mbili, kile kijiti cha waya kinachokatiza shingo chini ya nyuzi, imekaa nusu milimita nje ya mahali pake. Gitaa lina sehemu chache zisizosamehe hata kidogo, na nyingine nyingi zinazosamehe sana. Anayeshindwa kuzitofautisha hupiga msasa pembe kwa wiki nzima, kisha anakadiria mahali pa daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini, kwa jicho. Huyo atapata pambo zuri la ukutani.

Zisizosamehe ni tatu: urefu wa nyuzi pamoja na freti zake, mstari wa kati, na kimo cha shingo dhidi ya daraja. Nitakaa sana kwenye hizo. Mengine nitayapitia mbio.

Kabla ya kukata mbao yoyote, kuwa na vyuma mkononi. Simaanishi picha zake wala vipimo vya muuzaji, namaanisha vyenyewe: daraja, vifunguo vya kukazia nyuzi, pikapu (vinasa sauti vya sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi), fimbo ya chuma ya ndani ya shingo, waya wa freti, potenshomita za vitufe vya sauti na toni, na soketi ya jeki. Vipime kwa kalipa. Vifunguo vingi vya kisasa huingia kwenye tundu la milimita 10, lakini vipo vya milimita 8 na kitu, na tundu lililotobolewa kubwa halirudi kuwa dogo. Fimbo moja ya shingo hutaka mfereji wenye kina cha milimita 9, nyingine 11. Daraja moja hukaa milimita 12 juu ya mwili, jingine 18, na tofauti hiyo peke yake hubadilisha namna shingo inavyounganishwa. Mchoro wa ukubwa kamili, wa moja kwa moja, unachorwa vyuma vikiwa mezani. Uchore kutoka juu na kutoka ubavuni. Mchoro wa ubavuni ndio watu wengi wanauruka, na ndio wenye majibu.

Kuhusu mbao nitasema machache, najua nitawaudhi baadhi yenu. Katika gitaa la umeme mwili ni mahali pa kufungia shingo na daraja pasitikisike. Mahali pikapu ilipokaa na kimo chake chini ya nyuzi hubadilisha sauti kuliko jina la mti. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, na baba yake walianza kuunda gitaa nyumbani mwaka 1963. Shingo walichonga kutoka mbao ya fremu ya mahali pa moto pa zamani, na springi za daraja zilitoka kwenye vali za pikipiki. Gitaa hilo limepigwa majukwaani kwa miongo mingi. Mbao ilikuwa ya kuokota, vipimo havikuwa vya kuokota.

Mbao inatakiwa iwe kavu na tulivu. Unyevu wa asilimia 8 hadi 10 unafaa, na baada ya kuinunua iache ndani ya chumba utakachofanyia kazi kwa wiki kadhaa. Mwili unaweza kuwa wa mkangazi, mninga au mbao yoyote ambayo haitazidi uzito begani. Kwa shingo, tafuta kipande ambacho mishipa yake imenyooka kutoka mwisho hadi mwisho, kisicho na fundo. Shingo iliyokatwa kwenye mbao yenye mishipa inayopinda itajipinda yenyewe, na fimbo ya chuma haina dawa ya mpindo wa kujisokota. Kwa ubao wa freti, mpingo ni mgumu na unang'aa vizuri, ila una mafuta. Ufute kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi, la sivyo gundi itashika mafuta badala ya mbao. Na ukikata mpingo au mvule vaa barakoa ya kweli ya vumbi, maana vumbi lake huwasha ngozi na kukaba kifua. Mpingo uko pia kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu Januari 2017, kwa hiyo mbao ghafi ikivuka mpaka inahitaji vibali.

Sasa freti. Urefu wa nyuzi ni umbali kutoka kwenye nati, kile kipande cha mfupa kinachotenga nyuzi pale kichwa kinapoanza, hadi pale uzi unapokalia daraja. Magitaa mengi ya kampuni ya Fender hutumia milimita 648, ya kampuni ya Gibson karibu 628. Ukiufupisha, uzi uleule ukiwa kwenye noti ileile unakuwa laini zaidi chini ya kidole. Chagua mmoja, kisha usiubadilishe tena hadi mwisho wa kazi.

Hesabu ni rahisi. Chukua urefu wote, gawanya kwa 17.817, utapata umbali wa freti ya kwanza kutoka kwenye nati. Toa umbali huo, kilichobaki gawanya tena kwa 17.817, endelea hivyo. Kwa 648, freti ya kwanza inaangukia 36.37, ya pili 70.70, ya tano 162.55, ya saba 215.51, ya kumi na mbili 324.00 kamili, na ya ishirini na mbili 466.16. Ya kumi na mbili lazima iwe nusu ya urefu wote. Ikikosa hapo, kuna namba imekosewa juu yake.

Lakini hesabu hiyo ni ya karatasini. Unapoweka alama kwenye ubao, pima kila freti kutoka kwenye nati, kamwe usipime kutoka freti moja hadi inayofuata. Tuseme kila hatua imezidi kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, kosa ambalo jicho halilioni. Ukipima hatua kwa hatua, ukifika freti ya ishirini na mbili umepotea milimita mbili na ushei, na noti imekosea kwa karibu senti 20, yaani sehemu ya tano ya nusu-toni. Hilo mtu yeyote analisikia. Ukipima kutoka kwenye nati, kila freti inabeba kosa lake peke yake. Tena kosa lilelile halina uzito uleule kila mahali. Nusu milimita kwenye freti ya kwanza ni senti moja na kitu, lakini kwenye ya ishirini na mbili inakaribia senti tano. Kadiri unavyoshuka kuelekea mwili ndivyo unavyotakiwa kupunguza kasi. Alama ziwekwe kwa kisu chenye ncha kali. Mstari wa penseli una unene, na huo unene ni kosa.

Mifereji ya freti ikatwe ubao ukiwa bado mstatili na bado bapa, kabla hujaupunguza upana na kabla hujaupa mgongo, yaani kuuviringisha uso wake kidogo. Sababu ni kwamba wakati huo bado una ukingo mmoja ulionyooka wa kuegemeza skwea. Ukishaupunguza upana, kingo zote mbili zimelala mshazari na huna tena pa kupimia digrii 90. Tumia msumeno wenye upana unaolingana na ulimi wa waya wako wa freti, kwa kawaida karibu milimita 0.6. Funga kipande cha mbao kwenye ubavu wa msumeno kiwe kizuizi cha kina. Ulimi ukiwa milimita 2, kata 2.5.

Hapa pana mtego. Ubao wenye mgongo wa kipenyo-nusu cha milimita 305, ukiwa na upana wa milimita 52, hushuka kingoni kwa milimita 1.1 ukilinganisha na katikati. Maana yake mfereji wako wa 2.5 unabaki na 1.4 kingoni. Freti itaingia katikati, miisho itainuka, na utapiga nyundo hadi uipinde ukidhani waya ndio mbaya. Baada ya kuupa ubao mgongo, rudi na msumeno, kata mifereji tena ukifuata mgongo, na usafishe vumbi kwa ncha ya kisu.

Upana nao una adabu yake. Mfereji ukiwa mpana, freti inainuka baada ya miezi. Ukiwa mwembamba, kila freti inakuwa kabari. Ulimi ulioizidi nafasi yake kwa milimita 0.05 si kitu, lakini mara 22 ni zaidi ya milimita moja ya kabari zinazosukuma uso wa shingo, na shingo inarudi nyuma hata kabla ya kufungwa nyuzi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao ileile. Freti inatakiwa iingie kwa mapigo machache ya nyundo laini na isitoke kwa kucha.

Tuje kwenye shingo. Kama kichwa kitainama nyuma, usikichonge kutoka kipande kimoja kinene. Mishipa ya mbao itakatika kwa mshazari pale kichwa kinapoanza, na gitaa likianguka ndipo linapovunjikia. Kata gongo la shingo kwa pembe ya digrii 13 au 14, geuza kile kipande kidogo, kiunganishe kwa gundi kwenye mshazari uleule. Sasa mishipa ya kichwa inafuata urefu wa kichwa. Wakati wa kubana, vipande huteleza juu ya gundi, kwa hiyo vifunge ubaoni kwanza visisogee kabla ya kukaza klampu. Kichwa kilichonyooka cha mtindo wa Fender hakina kazi hiyo, ila nyuzi nyembamba zitahitaji kichuma kidogo cha kuzishusha ili zikandamize nati.

Mfereji wa fimbo ya chuma unakatwa kwa ruta, mashine ya mkono ya kuchimbia mbao, katikati kabisa ya shingo, gongo likiwa bado mraba. Upana uwe wa kubana kidogo, fimbo iingie kwa kidole na isicheze. Ijaribu mkononi kabla ya kuifunika: kaza pande zote mbili, iangalie ikipinda na kurudi. Fimbo mbovu ikishafunikwa, dawa yake ni kubandua ubao. Weka tone dogo la silikoni sehemu mbili tatu isije ikapiga kelele ndani. Funika mfereji kwa tepu ya karatasi, paka gundi pande zote, kisha bandua tepu kabla ya kuunganisha. Hivyo gundi haiingii kwenye fimbo.

Gundi nyeupe ya mbao ina maji, na maji hayo huvimbisha uso mmoja wa mbao na kuupinda. Paka tabaka jembamba lililoenea, si dimbwi. Piga misumari miwili midogo sana ndani ya mifereji ya freti, kwenye ncha mbili za ubao, ikate vichwa, itazuia ubao usiteleze. Klampu nyingi, kibao kilichonyooka juu, masaa 24 bila kugusa. Kisha iache shingo siku kadhaa zaidi kabla ya kunyoosha uso wake. Ukiinyoosha ikiwa bado na maji ya gundi, utakuwa umenyoosha mpindo ambao kesho utaondoka wenyewe na kukuachia mpindo mwingine wa upande wa pili.

Unapochonga upande wa nyuma wa shingo kumbuka kilichomo ndani. Kwenye freti ya kwanza, shingo nzima ya milimita 21 ina ubao wa 6 na mfereji wa 9. Zinabaki 6 za mbao nyuma ya fimbo. Anayependa shingo nyembamba ya 18 anabakiwa na 3 tu, na pigo moja la raspu lililokwenda pembeni linafungua dirisha. Chonga kwanza unene sahihi sehemu mbili tu, freti ya kwanza na ya kumi na mbili. Unganisha hizo mbili kwa mstari ulionyooka, ndipo uzungushe mabega. Katikati ya mgongo usiguswe tena.

Mwili hautachukua muda wetu mrefu. Unene ni milimita 44 au 45. Tengeneza tempuleti ya ubao wa MDF wa milimita 12, uchonge kwa tupa na msasa hadi ukingo uwe laini kabisa, kwa sababu beringi ya biti ya ruta hunakili kila kibonyeo. Kata mbao kwa msumeno ukiacha milimita 2 nje ya mstari, ruta imalize. Ukate kwa tabaka za milimita 5 hadi 6, si zaidi. Kwa ukingo wa nje, sogeza ruta kinyume cha mwendo wa saa. Ndani ya mashimo, sogeza kwa mwendo wa saa. Hatari iko kwenye ncha za pembe, ambapo biti inakutana na mishipa iliyosimama na kung'oa kipande kizima. Hapo punguza mbao kwa msasa hadi karibu na mstari, ubakize unywele tu wa kukata. Shimo la shingo na mashimo ya pikapu yakatwe kabla ya umbo la nje, ruta ingali na uwanja mpana wa kukalia. Matundu ya nyaya, likiwemo la waya wa arthi linalotokea chini ya daraja, yatobolewe sasa. Wengi huyakumbuka gitaa likishapakwa rangi.

Mstari wa kati uchorwe kwenye mbao ghafi, uzunguke hadi nyuma, na usifutwe hadi daraja lifungwe. Kila tempuleti iwe na mstari wake. Hakuna kitu kinachopimwa kutoka kwenye ukingo wa mwili, kwa kuwa ukingo umeshapigwa msasa na haujui tena ulikuwa wapi.

Shimo la shingo iliyofungwa kwa skrubu huwa na kina cha karibu milimita 16. Watu hushughulika sana na kuta zake, wakitaka karatasi isipite kati ya shingo na mwili. Ni fahari nzuri, ila sakafu ya shimo ndiyo yenye kazi. Iwe bapa, bila kilima, bila vumbi la laka. Mwanya wa nusu milimita pembeni hauharibu chochote. Kilima cha nusu milimita sakafuni kinabadilisha pembe ya shingo nzima.

Kimo kinapimwa hivi. Ingiza shingo ikiwa na freti zake, ibane kwa klampu. Laza rula ndefu iliyonyooka juu ya freti hadi ifike mahali pa daraja. Pima kutoka uso wa mwili hadi chini ya rula. Kisigino cha shingo chenye milimita 25, ukitoa shimo la 16, kinaacha 9, na freti inaongeza moja na kidogo: rula itakuwa karibu milimita 10 juu ya mwili. Ongeza 3 hadi 4 za nafasi ya nyuzi, unapata kimo ambacho viti vya nyuzi vya daraja vinatakiwa kufikia. Kiangukie katikati ya uwezo wa skrubu za daraja lako, sio mwisho wa juu wala wa chini. Kama daraja ni lile la nguzo mbili linalokaa milimita 17 au zaidi, shingo itataka kuinamishwa digrii 2 hadi 4, na mwinamo huo uwe umeshaonekana kwenye mchoro wa ubavuni. Kujua jinsi jambo hili lilivyo jepesi kuharibika, weka kipande cha nusu milimita kwenye ukingo mmoja wa sakafu ya shimo: kule darajani nyuzi zinahama kwa zaidi ya milimita moja.

Skrubu za shingo zipite huru kwenye mwili na ziume kwenye shingo tu. Zikiuma mwili pia, utakaza hadi mwisho na mwanya utabaki palepale, kwa sababu nyuzi za skrubu zimezishika mbao mbili zikiwa zimeachana. Paka sabuni kavu au nta kwenye skrubu kabla ya kuziingiza kwenye mbao ngumu, maana skrubu iliyokatika ndani ya kisigino ni kazi ya siku nzima.

Daraja linafungwa baada ya shingo, na mahali pake panatafutwa, hapakadiriwi. Pima kutoka ukingo wa mbele wa nati hadi katikati ya freti ya kumi na mbili. Zidisha kwa mbili. Hapo ndipo kiti cha uzi mwembamba kabisa kitakapokaa, kikiwa kimesogezwa karibu na mwisho wa mbele wa safari yake. Uzi mnene hutaka urefu zaidi, milimita 3 hadi 5 nyuma ya hapo, kwa hiyo skrubu ziwe na nafasi ya kurudi nyuma. Kwa upande wa kushoto na kulia, funga nyuzi mbili za nje, au hata uzi wa kushonea, kutoka kwenye nati hadi darajani. Sogeza daraja hadi nafasi kati ya uzi na ukingo wa ubao iwe sawa pande zote mbili, kama milimita 3. Huu mtihani unaushinda mstari wa kati uliochorwa. Kama hayo mawili yanagombana, shingo imefungwa mshazari, na nyuzi ndizo zenye haki. Ndipo utoboe.

Kusawazisha freti kunafanyika shingo ikiwa imenyooshwa kwa fimbo hadi rula iguse freti zote. Paka wino mweusi juu ya kila freti, pitisha kibao kilichonyooka chenye msasa wa 320 au 400 kwa urefu wa shingo, bila kukandamiza. Freti ya juu inapoteza wino kwanza. Endelea hadi kila moja iwe na mstari unaong'aa, acha hapohapo. Sasa vilele vimekuwa bapa, na freti bapa hukosesha noti na kutoa mlio wa nzi, kwa hiyo vizungushie mabega kwa tupa ya freti ukiacha mstari mwembamba wa wino juu kabisa. Ukimalizia kwa pamba ya chuma, pikapu ziwe mbali au zimefunikwa. Sumaku hukusanya nyuzinyuzi hizo na haziachii.

Nati ndiyo chanzo cha lawama nyingi ambazo watu huzielekeza kwenye freti. Gitaa lililotunika vizuri likiwa wazi, lakini kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za karibu na kichwa zinasikika juu, lina nati iliyoinuka mno: kidole kinauvuta uzi kabla haujafika kwenye freti. Kata kila mfereji kwa tupa yenye upana wa uzi wake, ikielekea chini kwa nyuma, ili uzi upumzike kwenye ukingo wa mbele kabisa. Ukipumzikia nyuma, utaimba kama sitari. Bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, tazama juu ya freti ya kwanza: panatakiwa paonekane mwanga mwembamba kama karatasi. Uzi ukigusa, umeshapitiliza. Gawa nyuzi kwa nafasi iliyopo kati yake, usigawe kwa vitovu vyake, la sivyo zile nene zitaonekana zimesongamana.

Upande wa umeme hauna maajabu. Pikapu za koili moja hutumia potenshomita za kilo-omu 250, za koili mbili kilo-omu 500, na kapasita ya toni ya mikrofaradi 0.022 au 0.047. Paka mashimo tepu ya shaba, unganisha vipande vyote kwa risasi hadi arthi. Tepu hiyo hupunguza kelele za umeme wa hewani lakini haiwezi kuondoa mvumo ambao koili moja inaupokea kwa sumaku kutoka transfoma. Huo ulitatuliwa na Seth Lover wa Gibson katikati ya miaka ya 1950 kwa koili mbili zilizopingana. Mgongo wa potenshomita ni chuma kinachonyonya joto, kwa hiyo chuma cha kulehemia kiwe cha wati 40 au zaidi. Cha wati 15 utakishikilia hapo hadi uchome potenshomita na risasi isishike.

Kabla ya kufunga nyuzi, chomeka kwenye amplifaya na gonga kila pikapu kwa bisibisi. Mvumo unaopungua unapogusa daraja ni wa kawaida. Unaoongezeka unaashiria nyaya za jeki zimebadilishana. Pikapu mbili zikiwa pamoja zikatoa sauti nyembamba, yenye uwazi katikati, zinapingana: badilisha nyaya mbili za moja, mradi kifuniko chake cha chuma kina waya wake wa arthi peke yake.

Rangi naomba niipitie haraka. Msasa 120, 180, 220, kitambaa chenye unyevu kuinua mishipa, msasa tena. Mafuta yanatosha kwa anayeanza, laka ya nitroselulosi inapendeza ila inataka wiki kadhaa za kukauka na chumba chenye hewa. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vianikwe nje vikiwa vimetandazwa, kwani vikirundikwa hujipasha joto vyenyewe na kuwaka moto.

Mwisho ni kurekebisha, na mpangilio wake haubadiliki. Funga nyuzi, za milimita 0.25 hadi 1.17 kwa seti ya kawaida, ambazo kwa pamoja huvuta karibu kilo 45. Tuni. Iache ilale usiku mmoja. Kisha fimbo ya shingo: shika uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, pima mwanya kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia) kwenye freti ya saba au ya nane, tafuta milimita 0.2 hadi 0.3. Kaza robo mzunguko, tuni tena, pima tena. Ndipo nati, kisha kimo cha nyuzi, 1.6 kwa uzi mwembamba na 2.0 kwa mnene kwenye freti ya kumi na mbili. Pikapu ziwe milimita 2 hadi 3 chini ya uzi uliobonyezwa freti ya mwisho; za koili moja zikisogea mno, sumaku huvuta uzi na noti inayumba.

Viti vya daraja ni vya mwisho kabisa, na kwa nyuzi mpya tu. Linganisha mlio wa kengele wa freti ya kumi na mbili, unaotoka uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa, na noti iliyobonyezwa hapohapo. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kiti nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kiti kikifika mwisho wa skrubu na noti bado iko juu, kata springi yake upate milimita mbili zaidi. Ikishindikana hata hapo, daraja limefungwa mbele mno: ling'oe, ziba matundu kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, subiri siku nzima, pima upya kutoka kwenye nati, toboa.